Thao Tano ya Mhasibu: Ni Wizi ama Ni Haki Yake?

Thao tano kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei mhasibu alimwitisha mathe mwaka jana ili amtunzie vitabu vya hadwea yake hapa Rongai. Mathe alicheka kile kicheko cha mtu ambaye hajafurahi hata kidogo. Akamwambia, "Kijana wangu, hiyo pesa si naleta misumari nauza wiki mzima?" Akamshukuru kwa heshima, akamfungulia soda baridi, na jamaa akashika njia. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta napima misumari ya nchi 4, na bana, nilikubaliana na mathe mia kwa mia. Thao tano ya nini? Kuandika tu?

Miezi mitatu baadaye stoo ya jirani ikabaki wazi. Mathe alikuwa ameitamani hiyo stoo tangu niko primari. Akaenda kuomba mkopo aiunganishe na yetu, aweke mabati na rangi. Wakamsikiza vizuri, wakamkaribisha chai, halafu wakamuuliza swali moja: vitabu vya miaka 3 viko wapi? Mathe alikuwa na daftari la madeni lenye jalada limeng'oka, risiti ndani ya mfuko wa unga, na simu yenye M-Pesa. Basi. Stoo ikachukuliwa na mtu mwingine. Leo anauza rangi hapo, na kila asubuhi tunasalimiana naye vizuri tu, lakini mathe huwa haangalii upande ule akifungua mlango.

Jioni ile aliniangalia akasema, "Si wewe ndiye ulikuwa unasomea hayo maneno?"

Nilisomea, ndiyo. Miaka 2 ya biashara chuoni, halafu karo ikaisha na mimi nikatoka. Najua debiti na krediti vya kutosha kupita mtihani wa mwaka wa kwanza, si vya kutosha kumsaidia mamangu. Kwa hivyo nilifanya kile ninachojua kufanya: nikaanza kusoma historia ya hii kitu. Nilitaka kujua watu wa duka dogo walikuwa wanamlipa nani awaandikie hesabu, na kwa nini walikubali kumlipa. Kile nilichopata kilinibadilisha mawazo kuhusu thao tano, ingawa si kwa njia mhasibu yule angependa.

Tuanze Pwani, kwa sababu maneno yenyewe yalishukia huko. Hesabu na daftari tulipewa na Kiarabu. Pesa, laki na hundi yalivuka bahari kutoka Bara Hindi, pamoja na watu waliokuwa wakiyatumia kila siku. Na lile jina Mehta unaloliona kwenye majengo na makampuni? Kwa Kigujarati asili yake ni kazi: mtunza hesabu. Yaani kuna ukoo mzima unaoitwa Mhasibu. Hakuna mtu anapewa jina la ukoo kwa kazi ya mchezo.

Pia kumbuka Pwani ilikuwa ya Kiislamu, na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, 2:282, inaongea kuhusu deni. Si vita, si mirathi. Deni. Inaagiza deni liandikwe, aitwe mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na kisha inakataza mwandishi huyo asidhuriwe. Hiyo sehemu ya mwisho ilinishangaza. Yaani tangu zamani ilijulikana kwamba mtu anayeandika hesabu zako ni mtu ambaye unaweza kushawishika kumnyanyasa.

Sasa ingia Unguja ya karne ya 19. Tippu Tip alipokuwa anaingia bara kutafuta pembe za ndovu, hakuwa anabeba mali yake mwenyewe. Vitambaa na shanga vilikuwa vya mkopo, na mmoja wa matajiri waliomkopesha alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Unguja. Safari kama hiyo ilikuwa inakula miaka. Fikiria unampa mtu mzigo leo, anapotelea upande wa Kongo, na unamngoja hadi mtoto wako aanze kuongea. Ni nini kinakukumbusha mlichokubaliana? Kitabu. Bila kitabu hakuna msafara, hakuna pembe, hakuna faida. (Na ndiyo, biashara hiyo ilikuwa na damu ndani yake, utumwa na ndovu, sitaipaka rangi nzuri. Naongea kuhusu vitabu vyake tu.) Hapo hakuna aliyekaa akauliza kama mshahara wa karani ni wizi. Karani ndiye alikuwa biashara.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga kutoka Mombasa hadi Kisumu, na nyuma ya reli maduka yakafuata kama kuku nyuma ya mtu mwenye mahindi. Jina kubwa hapo ni Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo, akaanzia Bagamoyo, akaishia kuwa na matawi kutoka Pwani hadi Uganda. Ukisikia Allidina Visram High School kule Mombasa, ndiye huyo.

Angalia jinsi mfumo wa dukawala ulivyofanya kazi, kwa sababu jibu la thao tano limejificha hapa. Kijana analetwa kutoka Kutch au Gujarat na mjomba au mtu wa kwao. Analala dukani, anakula dukani, analipwa kidogo. Anafagia, anapima chumvi, na usiku anaketi na mkubwa wake wanaandika. Baada ya miaka kadhaa anapewa mzigo kwa mkopo aende akafungue duka lake mahali ambapo hata barabara haijafika. Anayemkopesha amekaa Mombasa au Nairobi, na yeye mwenyewe anamdai mtu wa Bombay. Huo mnyororo wote wa kuaminiana ulikuwa unashikiliwa na kitabu. Ukitaka mzigo mwingine, hesabu zako lazima zikubaliane na za aliyekupa.

Hadi leo kuna wafanyabiashara Wagujarati wanaofungua vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali na kuviombea. Vitabu, wasee. Vinawekwa mbele ya miungu kama vile sisi tunaombea gari jipya.

Kwa hivyo mhasibu wa duka dogo wakati huo alilipwa kiasi gani? Pesa taslimu, kidogo sana. Lakini usidanganyike ati ilikuwa bure. Bei yake ilikuwa miaka ya ujana wa mtu, chakula chake, kitanda chake, na duka aliloahidiwa mbele. Ukihesabu hivyo, thao tano inaanza kuonekana ya mtumba. Na mwenye duka alikubali bei hiyo kwa sababu moja tu: kitabu kilikuwa kinamletea mzigo. Kitabu kilikuwa kinamfanyia kazi yeye.

Usinielewe vibaya, kitabu hicho hakikuwa rafiki wa kila mtu. Kiliandikwa kwa Kigujarati. Mkulima aliyekopa jembe hakuweza kusoma kilichoandikwa chini ya jina lake. Mwenye kalamu ndiye mwenye kumbukumbu.

Na sisi wengine, babu zetu wa bara, tulikutana na hesabu kupitia mlango gani? Kupitia paa la nyumba.

Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba, na miaka michache baadaye ilikuwa imefika rupia 3. Kwa nini nyumba? Kwa sababu hakuna ofisa angeweza kujua mtu amepata nini mwaka huo. Mbuzi wangapi walizaa, mtama ulikuwa debe ngapi, nani amemlipa nani mahari. Hakukuwa na kitabu cha kufungua. Kwa hivyo walihesabu kile ambacho huwezi kuficha. Paa moja, kodi moja. Kama ndani kuna njaa ama karamu, hiyo si shida ya mwenye kuhesabu. Watu nao hawakuwa wajinga: wakaanza kubanana wengi ndani ya nyumba moja ili mapaa yapungue. Serikali ikajibu 1910 kwa kodi ya kichwa, ili mwanaume asiye na nyumba yake pia alipe. Kufika 1922, watu walipomfuata Harry Thuku hadi kituo cha polisi cha Nairobi na kupigwa risasi, kodi hiyo ilikuwa moja ya mambo yaliyowachoma.

Wakati huohuo walowezi wa Kizungu walikuwa wanakataa kodi ya mapato. Soma tena hiyo sentensi. Kodi ya mapato ndiyo ile inayoangalia kitabu: umeingiza nini, umetumia nini, umebaki na nini. Serikali ilijaribu kuileta mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakapiga kelele, ikafutwa 1922. Ilirudi 1937. Yaani kwa miaka mingi katika hii nchi mwenye vitabu hakulipa kodi ya faida, na asiye na vitabu alilipa kodi ya paa.

Halafu kuna hii ambayo inaniuma zaidi. Waafrika walipoanza kufungua maduka kwa wingi baada ya Vita vya Pili, wengine wao askari waliorudi na akiba zao, wakoloni walianza kuwafundisha. Jeanes School ya Kabete, ambayo leo ni Kenya School of Government, ilikuwa na kozi za wafanyabiashara, na kutunza vitabu ilikuwa mojawapo. Safi. Lakini 1948 kukawa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika: deni likipita shilingi 200 bila idhini ya serikali, aliyekopesha hawezi kulidai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Kwa vitendo, nani atakukopesha mzigo wa maana akijua hawezi kukudai? Unamfundisha mtu kushika kitabu, halafu unaondoa kile kitu ambacho kitabu kingemletea. Kilichobaki cha kitabu ni nini? Ni cha kuonyesha ofisa akija.

Mimi naamini hapo ndipo tulipopata ile hisia ambayo mathe alikuwa nayo akicheka. Kwamba vitabu ni vya serikali. Kwamba anayekuja kukuandikia hesabu anamwandikia mtu mwingine, na wewe ndiye unalipa.

Uhuru ulibadilisha sehemu tu ya hiyo hadithi. ICDC ikaanza kukopesha wafanyabiashara Waafrika. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawafungia wasio raia sehemu nyingi na bidhaa nyingi, maduka yakabadilisha mikono, lakini yule aliyekuwa akishika kitabu mara nyingi aliondoka na kitabu chake na lugha yake. Upande mwingine tukajenga taaluma: KASNEB ikaundwa 1969 kutahini wahasibu, sheria ya wahasibu ikapita 1977, na ICPAK ikaanza 1978. Hiyo ni kazi nzuri, sipingi. Ila angalia ilijengwa kwa ajili ya nani. Benki, mashirika ya serikali, makampuni yenye lifti. Mtu akimaliza CPA baada ya karatasi zile zote, na akarudia kadhaa, hakuwa anaota kukaa kwenye debe la rangi akihesabu misumari ya mamangu. Mwaka wa 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti yake maarufu kuhusu Kenya, ile iliyoufanya ulimwengu uanze kuongea kuhusu watu wa jua kali kama sehemu ya uchumi. Walikuwa wamejaa kila mahali, na hawakuwa kwenye vitabu vya mtu yeyote.

Sasa tuje kwa kodi ya leo, na hapa nitatumia namba, vumilia kidogo.

Unajua TOT, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo? Ilianza miaka ya 2000 kuelekea mwisho, ikiwa 3% ya mauzo. Katikati wakaleta nyingine ya kukadiria tu, 15% ya ile leseni ya kaunti. 2020 TOT ikarudi kwa 3%, na mwaka huohuo ikashushwa hadi 1%. Sheria ya fedha ya 2023 ikaipandisha tena hadi 3%, kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Ukiniuliza mimi, TOT ni mjukuu wa kodi ya nyumba. Haiulizi umebaki na nini. Inahesabu paa. Na sababu yake ni ileile ya 1901: wanajua huna kitabu.

Chukua duka kama la mathe (hizi si namba zake, siwezi kumwanika mzazi wangu hivyo). Linauza vitu vya 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Hadwea faida yake ni nyembamba, simiti unapata shilingi chache kwa mfuko. Toa bei ya kununulia, kodi ya nyumba, stima, mkokoteni, kijana wa kubeba. Tuseme inabaki 240,000, ambayo ni 20,000 kwa mwezi. TOT ya 3% inakatwa kwa zile 2,400,000, si kwa hizi 240,000. Jibu ni 72,000. Asilimia 30 ya kile mama amebaki nacho, na hiyo ndiyo kodi inayouzwa kwetu kama nafuu kwa watu wadogo.

Lakini sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT, unataka kulipa kodi ya kawaida ya mapato. Ukihamia huko kwa jina lako mwenyewe, na huna mapato mengine, faida ya 240,000 iko ndani ya ile ngazi ya kwanza ya 10%. Hiyo ni 24,000. Halafu kuna ile nafuu ya 2,400 ambayo kila mkaazi hupewa kwa mwezi, 28,800 kwa mwaka. 24,000 toa 28,800. Hulipi kitu. Sufuri.

Kwa hivyo kati ya kulipa 72,000 na kulipa sufuri kuna kitu kimoja tu kimesimama, na ni kitabu. Kitabu chenye kila mauzo na kila gharama, na tangu Januari 2024 gharama hizo ziwe na risiti za eTIMS, la sivyo hazihesabiwi. Thao tano mara 12 ni 60,000. Hata kwa ile bei mathe aliicheka, angebaki na 12,000 mkononi, na juu yake vitabu ambavyo angevibeba kwenda kuomba ule mkopo.

Nilipomaliza hiyo hesabu nilikaa kimya kidogo. Miaka 2 ya chuo na hakuna siku mtu alinifundisha hilo.

Lakini ngoja, sijasema kila mhasibu anastahili thao tano. Kama faida yako ni nono na gharama zako ni ndogo, 3% inaweza kuwa rahisi kuliko kodi ya kawaida. Lipa TOT yako, shika daftari lako, na mtu wa kila mwezi huenda humhitaji. Na kuna wale wa Juni. Unawajua. Tarehe 30 Juni inakaribia, ambapo kila mtu anakimbia kufaili ritani, jamaa anakaa kwenye saiba, anaingiza PIN yako, anabonyeza mara saba, anachukua pesa yako. Hajawahi kuona duka lako. Hajui unauza nini. Wengine wanakuwekea ile ya nil na wewe umeuza mwaka mzima, halafu wanazima simu. Huyo hata akiitisha mia tano amekuibia, kwa sababu hakuna kitabu alichoandika. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi inaanzia 2,000 na kwa kampuni 20,000, na hiyo hofu ndiyo anayokuuzia.

Swali linabaki: mbona yule mwenye cheti cha haki aliitisha thao tano na si mbili? Hapa inabidi tutoke Kenya kidogo tuende Italia, kwa mtu ambaye wahasibu wote humtaja kama babu yao.

Luca Pacioli alikuwa mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hesabu. Mwaka wa 1494, kule Venice, alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu kwa debiti na krediti. Hakuibuni yeye, aliieleza tu. Watu wengi humtaja wakaishia hapo. Kile kilichonivutia ni kwamba mfumo wake una vitabu vitatu, na kila kimoja kina mwandishi wake. Cha kwanza ni cha kumbukumbu, cha fujo, kinachokaa dukani. Kila kinachotokea kinaandikwa hapo papo hapo: nani amekuja, amechukua nini, kwa bei gani, amelipa ama bado. Pacioli anasema mtu yeyote wa nyumba ile anaweza kukiandika, mwenye duka, wafanyakazi wake, wanawake wa nyumbani, mradi anajua kuandika. Ni baadaye ndipo mtu mwenye ujuzi anakaa chini, anayapanga kwenye kitabu cha pili, kisha anayahamishia kwenye kitabu kikuu.

Rudi Rongai sasa. Mathe alimpa mhasibu yule mfuko wa unga. Kihalisi, mfuko wa unga wenye risiti zilizofifia, zingine zimelowa. Alikuwa anamwomba mtu wa kitabu cha tatu akaandike pia kitabu cha kwanza, cha siku ambazo hakuwepo. Mtu aliyesoma miaka, anayelipia leseni yake, anakaa akijiuliza kama hii "450 Kim" ni Kimani aliyelipa ama Kimani anayedaiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa thao tano. Sehemu kubwa ya bei haikuwa ya elimu yake. Ilikuwa ya fujo yetu.

Kuna mtu ataniambia, achana na hayo yote, siku hizi M-Pesa inaandika yenyewe. Ni kweli, tangu 2007 simu imekuwa karani wa nchi nzima. Na tangu M-Shwari ije 2012, rekodi zako za simu ndizo zinazoangaliwa ili upewe mkopo, bila mhasibu, bila chai. Inafanana kabisa na mnyororo wa dukawala: kitabu kinaleta mkopo. Tofauti ni nani anashika kitabu. Dukawala alikuwa na chake chini ya kaunta. Cha kwako kiko kwa wenye mtandao, na wewe unaambiwa tu kiwango chako ni 1,500. Halafu M-Pesa inajua pesa. Haijui kwamba mifuko 6 ya simiti iliganda mvua ilipoingia, wala kwamba fundi fulani amechukua mabati na atalipa mjengo ukiisha. Duka linaweza kufa polepole na stetimenti ikaonekana imenona.

Tulimpigia yule mhasibu tena mwezi wa pili mwaka huu. Nilidhani ataringa. Hakuringa. Mathe alimwambia, "Mwanangu, nilikukosea heshima siku ile," na jamaa akasema hapana, mama, nimezoea. Wakaongea bei mimi nikiwa nimenyamaza, kwa sababu nimejifunza kunyamaza. Sharti lilikuwa hili: kitabu cha kwanza tutaandika sisi, kila siku, kabla ya kufunga mlango, na risiti za kununua zote ziwe za eTIMS na zipangwe kwa tarehe. Mfuko wa unga ufe. Akashuka hadi 3,500. Mathe akajaribu 3,000, kwa sababu ni mathe. Jamaa akakataa, na mimi kwa moyo nikamuunga mkono.

Kuandika ni kazi yangu. Nina daftari la kaunta la jalada gumu, nimeligawa kwa kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza nilisahau siku mbili na mathe akanigombeza mbele ya wateja. Juzi nilichelewa kurudi kutoka kushuti video, nikakuta ameandika mwenyewe kwa ile hati yake ya kulala: misumari, waya, gundi, Kimani amelipa 450. Na chini kabisa, upande wa matumizi, pamoja na stima na mkokoteni: "chapati na madondo, mtoto wangu, 80."

Nimemuuliza mhasibu kama hiyo inakubalika. Amesema nilete risiti ya eTIMS.